Picha na Maneno Yake

Mtu anaponakili habari yenye picha kutoka tovuti ya BBC Swahili na kuibandika kwenye WhatsApp, hukuta maneno ambayo hakuyaona alipokuwa akisoma. Katikati ya aya hujitokeza "Maelezo ya picha," yakifuatwa na sentensi iliyokuwa chini ya picha, na karibu yake "Chanzo cha picha," pamoja na jina la wakala au mpiga picha. Blogu kadhaa za Kiswahili zilizobeba habari hizo bila kuzipitia zimebaki na maneno hayo yamekaa peke yake baina ya aya, na picha yenyewe haipo. Msomaji hudhani mhariri amekosea.

Hakuna aliyekosea. Maneno hayo yaliwekwa kwa makusudi, na yakafichwa kwa makusudi. Anayeona hahitaji kuambiwa kwamba mstari wa herufi ndogo chini ya picha ni maelezo ya picha. Mahali ulipo na udogo wake vinatosha. Asiyeona, anayesikiliza ukurasa ukisomwa na simu au kompyuta, hajui mstari uko wapi wala una ukubwa gani. Kwake yeye, sentensi inayotaja kiwanja cha ndege ingejipenyeza katikati ya habari ya mafuriko kana kwamba ni sehemu ya habari. Ndiyo maana programu inayotengeneza kurasa hizo, iitwayo Simorgh, ambayo msimbo wake BBC imeuweka hadharani, ina maneno hayo mawili kwa lugha za idhaa zake za dunia. CSS, lugha ya kupamba kurasa za wavuti, huyaondoa machoni, lakini masikioni yanabaki.

Uhusiano kati ya picha na maneno yake huonekana kuwa jambo dogo mpaka ukatike. Gazeti la karatasi haliwezi kuukata kirahisi: picha na maelezo vimechapwa pamoja, na wino haubanduki. Ukurasa wa wavuti ni kitu kingine. Unafunguliwa kwenye simu ya inchi tano na kwenye skrini ya ukutani, unasomwa kwa sauti, unanakiliwa, unachapwa, unapekuliwa na Google, unapunguzwa na kivinjari kinachobana data. Katika safari zote hizo sura ya ukurasa hubadilika au kupotea kabisa. Kinachosafiri salama ni muundo, yaani tagi za HTML, alama zinazotaja kila sehemu ya ukurasa ni nini, na kama tagi hazisemi kwamba maneno haya ni ya picha hii, hakuna kingine kitakachosema.

Wavuti ulizaliwa bila picha. Tim Berners-Lee aliubuni katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, Geneva, na hati yake ya mwaka 1991 iliorodhesha tagi zipatazo 18: kichwa cha habari, orodha, kiungo, anwani na nyinginezo za namna hiyo. Zote zililenga hati za wanasayansi, na karibu zote zilitaja kitu ni nini, bila kusema kionekane vipi. Wazo hilo halikuwa lake. Mwaka 1969, katika kampuni ya IBM, Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie walitengeneza lugha ya kuweka alama kwenye hati na kuiita GML, herufi za kwanza za majina yao ya ukoo. Badala ya kuiamuru mashine iandike herufi nene za ukubwa fulani, mwandishi aliiambia tu kwamba hiki ni kichwa cha sura. Kionekane vipi, hilo liliamuliwa baadaye, mahali pengine. Kutoka hapo ikaja SGML, iliyokuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1986, na HTML ilichota humo.

Kisha picha ikaingia kwa haraka. Tarehe 25 Februari 1993, Marc Andreessen, kijana aliyekuwa katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, aliwaandikia wenzake waliokuwa wakijenga wavuti akipendekeza tagi mpya iitwayo IMG. Mjadala ulifuata. Wengine walitaka tagi pana itakayobeba pia sauti na vitu vingine, na Berners-Lee mwenyewe aliegemea kutumia kiungo cha kawaida chenye sifa ya ziada. Andreessen hakungoja waafikiane. Kivinjari chake, Mosaic, kilitoka mwaka huo kikiwa na IMG, watu wakakipenda, na mjadala ukafa wenyewe.

IMG ni tagi tupu. Haifunguki na kufungwa kama tagi ya aya, kwa hiyo hakuna kinachoweza kukaa ndani yake. Inabeba anwani ya faili na, baadaye, maandishi mbadala kupitia sifa ya alt. Maelezo ya picha hayakupewa mahali. Uamuzi huo mmoja wa mwaka 1993, uliofanywa ili kazi iende, uliwaacha wanahabari, walimu na watunza kumbukumbu bila njia rasmi ya kuunganisha picha na maneno yake kwa zaidi ya miaka 15.

Si kwamba hakuna aliyeliona pengo. Dave Raggett, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Hewlett-Packard, aliandika rasimu ya HTML 3.0 iliyotoka Machi 1995. Ndani yake mlikuwa na tagi iitwayo FIG, yenye nafasi ya CAPTION kwa maelezo na CREDIT kwa jina la mpiga picha. Maandishi yaliyowekwa ndani ya FIG yangesomwa na kivinjari kisichoonyesha picha. Mtu akiisoma rasimu hiyo leo anashangaa jinsi ilivyokuwa imekamilika: karibu kila kitu ambacho chumba cha habari kinahitaji kilikuwamo. Lakini rasimu ilikuwa kubwa mno, kampuni za vivinjari zilikuwa zikishindana kuongeza mapambo yao, na baada ya miezi sita muda wake ukaisha bila makubaliano. HTML 3.2 ya Januari 1997 iliidhinisha yale ambayo vivinjari vilikuwa vikifanya tayari. FIG ikaachwa. Jedwali likapata tagi yake ya maelezo, caption, nayo picha haikupata.

Wabunifu wakajisaidia kwa walichonacho. Kwa kuwa jedwali lilikuwa karibu njia pekee ya kupanga vitu ukurasani, picha iliwekwa katika mstari wa kwanza wa jedwali na maelezo katika mstari wa pili, kwa tagi ya font yenye ukubwa wa 1. Kitabu cha David Siegel cha mwaka 1996 kuhusu usanifu wa tovuti kiliwafundisha wengi kupanga kurasa kwa majedwali na kwa picha ya GIF ya pikseli moja isiyoonekana, iliyovutwa ili kusukuma vitu vikae mahali pake. Machoni kazi ilipendeza. Kisoma skrini, programu inayousoma ukurasa kwa sauti, kilimwambia msikilizaji kwamba ameingia kwenye jedwali la safu moja na mistari miwili, kana kwamba anasomewa takwimu.

CSS ndiyo iliyopaswa kuwakomboa. Håkon Wium Lie aliipendekeza Oktoba 1994 akiwa CERN, akaungana na Bert Bos, na toleo la kwanza likawa kiwango Desemba 1996. Sasa rangi, ukubwa na nafasi vingeweza kuhamishiwa kwenye faili lake, na HTML ibaki na kazi yake ya asili. Lakini CSS hupamba kilichopo, na kwa maelezo ya picha hakikuwapo kitu. Basi kila mmoja akajitungia. Mmoja aliandika div, sanduku lisilo na maana yake, yenye class ya "caption", mwingine "picha-chini", mwingine akaweka maneno ya mlazo baada ya br. Wapo waliotumia orodha ya istilahi, picha ikiwa istilahi na maelezo yakiwa maana yake. Jina la class ni la mwandishi na CSS yake tu. Kivinjari hakilielewi, kisoma skrini hakilitamki, na kinachoonekana nadhifu kwenye skrini kinabaki rundo la masanduku yasiyo na majina.

Mwaka 2004 watu wa Apple, Mozilla na Opera walianzisha kundi la WHATWG, na mhariri wake, Ian Hickson, akaanza kuandika kile kilichokuja kuitwa HTML5. Humo FIG ikarudi kwa jina la figure, ila jina la tagi ya maelezo liliwasumbua. Kwanza ilipendekezwa legend, iliyokuwa ikitumika kwenye fomu, lakini vivinjari viliivuruga ilipowekwa nje ya fomu. Mwaka 2009 wakajaribu dt na dd za orodha za istilahi, nazo zikaleta matatizo katika vivinjari vya zamani. Mwanzoni mwa 2010 wakakubali kutunga jina jipya kabisa: figcaption. Ni jina refu na halina uzuri, lakini halikuwa na deni kwa kivinjari chochote.

Hata hapo kazi ya kupamba ilikuwa na kizingiti. Internet Explorer za wakati ule zilikataa kupamba tagi zisizozijua. Mtu angeandika CSS ya figure na isifanye chochote. Mwaka 2008 Sjoerd Visscher alionyesha kwamba ukiunda tagi hiyo mara moja kwa JavaScript, kivinjari hukubali kuipamba, na Remy Sharp akaigeuza hila hiyo kuwa faili dogo lililoenea duniani kote. HTML5 ikawa kiwango kamili tarehe 28 Oktoba 2014, miaka 21 baada ya pendekezo la Andreessen.

Msimbo wenyewe ni mfupi. Picha ya ngome maarufu ya Mombasa ingeandikwa hivi:

<figure>
<img src="ngome.jpg" width="800" height="533" alt="Ukuta mrefu wa mawe ya matumbawe ukielekea baharini">
<figcaption>Fort Jesus, Mombasa. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593.</figcaption>
</figure>

Maelezo hukaa mwanzoni au mwishoni mwa figure, na huwa mamoja tu. Ndani yake panaweza kuwa na kiungo, tarehe, au tagi ya small kwa jina la mpiga picha na haki zake. Kinachofungwa ndani ya figure si lazima kiwe picha: kinaweza kuwa mchoro, jedwali, kipande cha msimbo, video, hata shairi. Sharti lake ni kwamba kitu hicho kijitegemee, kiasi kwamba kikihamishiwa pembeni au mwisho wa sura, habari haipotezi mtiririko. Nembo ya kampuni juu ya ukurasa haihitaji figure. Wala alama ya bahasha karibu na anwani ya barua pepe.

Kuanzia hapo CSS ina mahali pa kushika, na hapo ndipo faida ya muundo inapoonekana hata kwa mbunifu ambaye hajawahi kusikia kisoma skrini. Badala ya kukumbuka kama mwenzake aliandika "caption" au "maelezo", anaandika sheria moja ya figcaption na picha zote za tovuti zinaitii. Kitu cha kwanza atakachokutana nacho ni ukingo. Vivinjari huipa figure pikseli 40 kila upande bila kuulizwa. Kwenye simu yenye upana wa pikseli 360, hizo ni pikseli 80 zilizopotea, zaidi ya sehemu moja kwa tano ya skrini, na picha hunywea bila sababu. Wengi huiondoa nafasi hiyo kwa mstari mmoja kabla ya kufanya lolote lingine.

Tatizo la pili ni la zamani zaidi: kuyafanya maelezo marefu yasizidi upana wa picha. Sentensi ndefu chini ya picha nyembamba huvuta sanduku zima na kuacha picha ikielea kando. WordPress ilipoanzisha maelezo ya picha katika toleo la 2.6 mwaka 2008, ililitatua kwa kuandika upana kwa pikseli ndani ya HTML yenyewe, upana wa picha pamoja na pikseli 10 za ziada. Kwenye kompyuta za wakati ule ilifaa. Simu zilipokuja, picha ya pikseli 600 ikawa na sanduku la 610 lililotoka nje ya skrini, na kwa kuwa kipimo kilikuwa ndani ya HTML, CSS ya kawaida haikuweza kukishinda. Mbunifu alilazimika kutumia max-width au amri ya kulazimisha. Ni mfano mzuri wa gharama ya kuchanganya kitu na sura yake. Leo hila moja fupi hutosha: figure huambiwa ijibane kulingana na kilichomo, na figcaption hupewa upana wa sifuri na upana wa chini wa asilimia 100. Maelezo hayapati nguvu ya kutanua sanduku, ila huchukua upana wote ambao picha imeuweka, na HTML haikuguswa.

Kuna pia mambo ambayo CSS inaweza kuyafanya lakini haipaswi. Inaweza kuhesabu picha na kuandika "Picha ya 1", "Picha ya 2" mbele ya kila maelezo. Kama namba ni pambo tu, sawa. Lakini pale ambapo mwandishi amesema katika aya "tazama Picha ya 3", namba hiyo ni sehemu ya maandishi. Maneno yanayozalishwa na CSS hayanakiliki na hutoweka faili la mitindo lisipofika, kwa hiyo msomaji wa kitabu cha biolojia angebaki akitafuta picha isiyo na namba. Namba kama hiyo mahali pake ni ndani ya figcaption. Vivyo hivyo mtindo wa kuyaweka maelezo juu ya picha yenyewe, herufi nyeupe juu ya anga: unapendeza kwenye picha ya giza na kufa kwenye picha ya mchana. Miongozo ya WCAG, ya kuufanya wavuti utumike na watu wenye ulemavu, hutaka utofauti wa rangi wa angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na kwenye jua la saa saba mchana hata hiyo ni kidogo.

Kwa ukurasa utakaochapwa, mstari mmoja unaokataza figure kukatwa katikati huzuia picha kubaki ukurasa wa nne na maelezo yake kuangukia wa tano. Walimu wanaochapa masomo kwa ajili ya madarasa yasiyo na intaneti wanalijua tatizo hilo.

Mabadiliko makubwa yamekuja kimyakimya, kupitia programu ambazo watu hutumia bila kuona msimbo. WordPress 3.9 ya Aprili 2014 iliruhusu mandhari ziombe figure badala ya div. Toleo la 5.0 la Desemba 2018, lililoleta uandishi wa vipande, likafanya figure na figcaption kuwa kawaida kwa kila picha yenye maelezo. Mwanablogu wa Arusha au Kisumu aliyeandika maneno chini ya picha yake baada ya hapo alipata muundo sahihi bila kujua. Wikipedia nayo, ambayo kwa miaka mingi ilizungushia picha masanduku ya div, imehamia figure. Mhariri wa Wikipedia ya Kiswahili bado anaandika "thumb" na maelezo yake kama alivyozoea. Kilichobadilika ni kinachotoka upande wa pili.

Lakini hakuna programu inayoweza kumwandikia mtu maneno yenyewe, na hapo ndipo makosa mengi yanapobaki. Kosa la kawaida kuliko yote ni kudhani kwamba aliyeandika figcaption ameshamaliza, alt haihitajiki. Kazi zake ni mbili tofauti. Alt inasimama mahali pa picha kwa asiyeiona: ukuta mrefu, mawe ya matumbawe, bahari. Figcaption inamwambia kila mtu, anayeona na asiyeona, kile ambacho jicho haliwezi kujua: ni ngome ipi, nani aliijenga, lini. Anayenakili sentensi moja kwenye sehemu zote mbili humlazimisha msikilizaji kuisikia mara mbili mfululizo. Anayeiacha alt kabisa huweza kumwachia jina la faili tu, kwa kuwa baadhi ya visoma skrini hulisoma hilo badala yake. Uchunguzi ambao shirika la WebAIM la Marekani hufanya kila mwaka kwenye kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja bado unakuta zaidi ya nusu zina angalau picha moja isiyo na alt.

Jambo la mwisho linamgusa mwandishi wa Kiswahili kuliko mwingine. Mandhari nyingi za tovuti hutengenezwa kwa Kiingereza, na juu ya kila ukurasa huandika kwamba lugha yake ni "en". Kisoma skrini hukiamini kibandiko hicho. Hukutana na maelezo ya picha ya Kiswahili safi na kuyasoma kwa irabu za Kiingereza, mpaka jina la Mwanza au neno ng'ombe lisitambulike. Dawa yake ni herufi mbili. Tovuti ya Kiswahili huandika lang="sw" kwenye tagi ya html, na tovuti ya Kiingereza yenye maelezo ya picha ya Kiswahili huiandika kwenye figcaption yenyewe. Kwa watumiaji wa NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kisha akaungana na James Teh, ambao wote wawili hawaoni, sauti ya Kiswahili imo tayari ndani ya programu, kupitia kitamkaji cha eSpeak NG, na kwa anayekitumia hicho inaweza kubadilika yenyewe inapoambiwa lugha ni ipi.